Nani Kafiwa na Dubu?

Jumamosi ya tarehe 19 Machi 2011, mchana, dubu wa barafu aliyeitwa Knut alikuwa karibu na bwawa lake katika bustani ya wanyama ya Berlin. Akaanza kuzunguka mahali pamoja, mguu wa nyuma ukimtetemeka. Akazunguka, akazunguka tena. Halafu degedege likamshika, akaanguka majini, na hakutoka akiwa hai. Walioshuhudia walikuwa mamia: wazazi na watoto wao, wazee wenye tiketi za mwaka mzima, watalii wenye kamera. Mmoja wao alirekodi, na mpaka leo mkanda ule unazunguka mtandaoni. Knut alikuwa na miaka minne tu. Dubu wa aina yake akitunzwa bustanini anaweza kufika miaka 30, kwa hiyo tuseme tu kwamba alikufa kijana.

Muda si muda maua yakaanza kuwekwa. Maua, mishumaa, picha, barua za watoto, vidubu vya manyoya. Meya wa jiji naye akaonyesha masikitiko yake hadharani. Watu wazima walilia mbele ya kamera bila kuona haya.

Sasa kumbuka kalenda. Siku hiyohiyo ndege za kivita za Ufaransa zilianza kupiga Libya. Siku nane kabla yake, bahari ilikuwa imefunika pwani ya Japani, na waliokufa na kupotea walikaribia 20,000. Ndiyo maana wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Watu wanakufa, ninyi mnalilia dubu? Swali hili tunalijua hata huku kwetu. Kila picha ya Mzungu anayemlilia mbwa wake ikipita kwenye simu zetu, kuna mtu atakayeandika chini yake: hawa wenzetu hawana shida.

Mimi swali hilo naona limekaa vibaya, na nitasema kwa nini. Lakini kabla ya hapo kuna jingine linalonisumbua zaidi, na lugha yetu inalo tayari mdomoni.

Kiswahili kina kitenzi ambacho lugha nyingi hazina: kufiwa. Kifo kwetu hakiishii kwa anayekufa. Yeye amekufa, basi, kazi yake imekwisha. Aliyebaki ndiye anayefanywa kitu na kile kifo: amefiwa. Na kufiwa si hali ya moyo peke yake, ni cheo. Mfiwa ana mahali pa kukaa pale msibani. Ndiye anayepewa mkono wa pole, ndiye anayeulizwa mazishi ni lini, na wanaopokea rambirambi wanapokea kwa niaba yake. Ukienda msibani ukalia kuliko mfiwa, watu watakutazama na kuulizana: huyu ni nani wa marehemu?

Basi nauliza hivyo hivyo. Knut alipokufa, mfiwa alikuwa nani?

Lugha yetu ina ugumu wake hapa, tusijifanye. Mtu anafariki, mnyama anakufa. Mtu akishakata roho ni maiti, mnyama ni mzoga. Neno marehemu limetoka kwenye rehema, na wengi tungesita kulibandika kwa dubu. Lakini sarufi nayo ina lake. Dubu *amekufa*, hatusemi *imekufa*. Mnyama akiwa hai tunampa viambishi vilevile tunavyompa fundi, mwalimu na mama. Ni pale tu anapogeuka mzoga ndipo anaporudishwa kwenye vitu, akakaa pamoja na mti na mkate: mzoga *umeoza*, mizoga *imetupwa*. Yaani Kiswahili kinakubali kwamba aliyekuwepo alikuwa nani fulani, ila baada ya pumzi ya mwisho kinamwondoa haraka haraka ukumbini. Kile kilichotokea Berlin ni watu kukataa kuondolewa huko.

Kwa nini walikataa? Inabidi turudi nyuma mpaka tarehe 5 Desemba 2006.

Siku hiyo dubu jike aliyeitwa Tosca, aliyewahi kutumikia sarakasi za Ujerumani Mashariki, alizaa watoto wawili. Aliwakataa. Aliwaacha juu ya mwamba na hakuwarudia. Mmoja alikufa baada ya siku nne. Wa pili, mdogo kama panya wa kufugwa, aliwekwa kwenye mashine ya joto kama zile za watoto njiti, akakaa humo siku 44. Tangu dubu wa barafu wa mwisho kuzaliwa na kukua katika bustani ile, ilikuwa imepita miaka zaidi ya 30.

Mtunza wanyama aliyepewa kazi ya kumlea aliitwa Thomas Dörflein. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na huyu hata mimba hakuibeba. Alihamishia kitanda chake bustanini. Alimpa chupa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Alimwogesha, alimsugua, alicheza naye, akampigia gitaa. Mtoto alipotolewa mbele ya watu tarehe 23 Machi 2007, waandishi wa habari walikuwa mamia, kutoka nchi ambazo hata dubu wa kuchorwa hazina. Picha zilizopendwa kuliko zote zilikuwa zile za wawili: jibaba lenye ndevu na nywele ndefu limekaa chini, na kitu cheupe kinamng'ata kidole.

Nadhani hapo ndipo palipo na kiini cha jambo hili. Watu wanasema Wajerumani walimpenda dubu. Mimi naona walipenda malezi. Walipenda kuona mwanamume mzima anamlea asiye wake, aliyetupwa na mamaye, na malezi yakashika. Jambo hilo likitokea nyumba ya jirani tutalisimulia mwaka mzima.

Kulikuwa na mabishano tangu mwanzo, tena makali. Wapo waliosema kwamba mnyama wa porini hatakiwi kulelewa kwa chupa, kwamba atakua hajui kuwa dubu, na kwamba ingekuwa heri aachwe afe kama nduguye. Kauli hiyo iliwakera watu kupita kiasi, watoto wakaandamana. Lakini ukiitazama bila hasira, ilikuwa na jambo ndani yake. Anayemwokoa kiumbe kutoka kwenye kifo anachukua dhamana ya maisha yatakayofuata, na maisha yenyewe yatakuwaje? Julai 2007, mwanawe akiwa amefika kilo 50, Dörflein alikatazwa kucheza naye mbele ya watu kwa sababu ya usalama. Septemba 2008 Dörflein akafariki ghafla kwa moyo, ana miaka 44. Knut akabaki. Baadaye akawekwa pamoja na majike watatu wakubwa, mmoja wao Tosca, mama yake yuleyule. Waliokuwa wakimtazama kila siku walisema ananyanyaswa, kwamba anakaa pembeni peke yake. Bustani ikajibu kwamba ndivyo dubu walivyo.

Na pesa? Pesa ziliingia, jamani. Bustani ile ni kampuni ya hisa, na hisa zake zilipaa. Jina la Knut lilisajiliwa kuwa alama ya biashara. Mwaka 2007 peke yake faida iliyotokana na dubu yule ilihesabiwa kwa mamilioni ya yuro: tiketi, vidubu vya manyoya, peremende, vitabu. Kukawa na kesi pia, kwa sababu baba yake, Lars, alikuwa ameazimwa kutoka bustani ya mji wa Neumünster, nao wakadai fungu lao. Mwaka 2009 walimalizana kwa yuro 430,000. Sasa hebu fikiria: wazee wawili wanagombania mahari ya mtoto ambaye hajaolewa wala hataolewa.

Basi turudi msibani na kuwapanga wanaodai kufiwa.

Wa kwanza ni bustani yenyewe. Ilitoa taarifa ya huzuni, na sina sababu ya kusema kwamba wafanyakazi wake hawakuumia. Mtu aliyemlisha mnyama miaka minne anaumia. Lakini taasisi iliyosajili jina la marehemu kuwa bidhaa kukaa kwenye mkeka wa wafiwa inataka moyo. Kwetu anayemdai marehemu au aliyechuma kwake husimama kwanza akalieleza jambo hilo kabla ya kuzika. Si kwamba anafukuzwa. Anaeleza tu.

Wa pili ni umma. Mamilioni waliomjua kwa picha. Hapa ndipo wanaokejeli wanapopiga: mnalilia picha, mnajililia wenyewe, mnalilia 2007 yenu. Kuna ukweli kidogo. Dubu wa barafu aliyekuwa uso wa vita dhidi ya joto la dunia, aliyewekwa hata kwenye jalada la jarida pamoja na Leonardo DiCaprio, alikuwa ameshageuzwa bendera, na bendera ikianguka kila mtu analia kwa sababu zake. Lakini niambieni, ni msiba gani watu hawajililii? Nenda msiba wowote wa Pwani, usikilize vizuri yule mama anayepiga yowe kuliko wote. Mara nyingi anamlilia mwanawe aliyekufa mwaka juzi. Kilio cha leo kimefungua cha jana. Hakuna anayemwambia nyamaza, huu si wako. Watu wanamshika mabega, basi.

Ndiyo maana nasema lile swali la kwanza, watu wanakufa ninyi mnalilia dubu, limekaa vibaya. Linadhani machozi ni kama unga kwenye debe: ukimpimia huyu, yule atakosa. Sivyo yalivyo. Mtoto aliyempa mbuzi jina, akalala naye majuma mawili kabla ya Idi, asubuhi ile anapolia hajaipunguzia bibi yake huzuni yoyote itakayomfaa siku atakapofariki. Pengine anajifunza jinsi ya kulia. Wakubwa tunamcheka, halafu tunampa maini. Sisemi tuache kuchinja. Nyama tunakula na dini zetu zimeruhusu kwa masharti. Nasema yule mtoto hakukosea kitu. Ameona kwamba aliyekuwa na jina jana leo hana, na hilo ni jambo la kweli.

Ila jina lina hila yake.

Tarehe 9 Februari 2014, bustani ya wanyama ya Copenhagen ilimuua twiga dume wa miezi 18 aliyeitwa Marius. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na damu inayofanana mno na ya twiga wengine walio kwenye mpango wa uzazi wa bustani za Ulaya, kwa hiyo alionekana amezidi. Watu zaidi ya 27,000 walikuwa wametia saini aachwe, na bustani moja ya Uingereza ilikuwa tayari kumchukua. Alivutwa kwa kipande cha mkate mweusi aliokuwa akiupenda, akauawa. Halafu akapasuliwa hadharani, watoto wakitazama na kuuliza maswali, na sehemu ya nyama yake wakapewa simba. Mkurugenzi wa sayansi, Bengt Holst, alikaa mbele ya kamera za dunia akaeleza hesabu yake bila kupepesa jicho. Watoto wanaweza kujifunza, alisema, na nyama si ya kutupwa.

Nitawashangaza wengine: katika jambo hili namheshimu Holst zaidi ya wengi waliomtukana. Alikosea, kwa maoni yangu, maana mwenye kuzalisha kiumbe kwa hiari yake akijua nafasi hana, kisha akamuua kwa kukosa nafasi, anaiita hesabu yake mbovu jina la maumbile. Lakini hakuficha. Bustani nyingine zinaua wanyama waliozidi kimyakimya, nasi tunaenda na watoto wetu Jumapili tukila bisi. Majuma sita hivi baadaye bustani ileile iliua simba wanne, wawili wazee na wawili watoto wao wa miezi kumi, ili kumpisha dume mpya. Kelele zilikuwepo. Lakini mtajie mtu Marius leo, anaweza kukumbuka. Mwombe akutajie jina la mmoja wa wale simba wawili wadogo.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, ndivyo tunavyosema. Jina linafanya mkuki uwe mchungu hata kwa mnyama, lakini kwa mmoja mmoja tu, na ni nani anayegawa majina? Anayegawa ni idara ya matangazo. Mwaka 2016, kule Cincinnati, sokwe mkubwa mwenye jina la Kiswahili, Harambe, alipigwa risasi siku moja tu baada ya kutimiza miaka 17, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu alikuwa ametumbukia katika uwanja wake. Hawakuwa na chaguo jingine jema, nadhani. Kilio chake kilianza vizuri, na baada ya majuma machache kikageuka mzaha wa dunia nzima. Sisi tuna utani wa msibani. Mtani anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe, na watu wakacheka katikati ya machozi. Lakini mtani ana ukoo, ana zamu, na kesho yake ni yeye atakayetaniwa. Wale wa mtandaoni walikuwa watani bila utani.

Narudi Berlin, maana kuna jambo la huko linalotuhusu sisi moja kwa moja.

Knut hakuzikwa. Februari 2013 ngozi yake, ikiwa imewambwa juu ya umbo lililotengenezwa na mafundi, iliwekwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Berlin. Ukiingia makumbusho hayo, kitu cha kwanza kukusimamisha ni mifupa ya mjusi mkubwa, mita 13 na zaidi kwenda juu. Mjusi huyo ni wa kwetu. Alichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na mamia ya wachimbaji na wapagazi waliobeba mifupa kichwani mpaka bandarini, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika miaka miwili tu kabla, na njaa iliyofuata ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Kwa hiyo chini ya paa moja wapo dubu aliyeliliwa na jiji zima, na mjusi aliyefukuliwa na watu ambao wafu wao hakuna aliyewahesabu vizuri.

Tena mwaka uleule wa 2011, taasisi ya umma iliyoko jijini humo ilirithi kutoka hospitali kuu ya chuo kikuu maelfu ya mafuvu ya watu yaliyokusanywa zama za ukoloni. Zaidi ya 1,000 ni ya Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake umekuwa ukitafuta kichwa chake mpaka leo. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliwapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu hayo, huko Kilimanjaro.

Najua hatari ya kuweka mambo haya mawili kwenye sahani moja. Mtu atasema: kumbe ulikuwa unatuzungusha, nawe unarudi palepale pa watu-wanakufa-mnalilia-dubu. Hapana. Anayenitaka niseme kwamba mtoto wa Berlin aliyeandika barua kwa dubu wake ana hatia ya mafuvu, sitasema. Ninachoona ni kwamba jiji lile linajua kuomboleza. Linajua vizuri kabisa. Linajua kwamba mwili si kitu cha kuweka kabatini, kwa sababu mwaka 2011 mashabiki wa Knut walipinga, wakatia saini, wakaandamana: msimwambe, mzikeni. Hoja zao zilikuwa hizohizo ambazo wazee wa Kilimanjaro wanazitoa: alikuwa na jina, alikuwa na waliompenda, si haki kumfanya cha kutazamwa. Ukielewa hoja hiyo kwa dubu, huwezi tena kusema kwamba kwa Mangi ni ngumu kuielewa.

Kwa hiyo tunao wafiwa waliokaa zaidi ya miaka 100 bila matanga, na matanga makubwa ambayo mfiwa wake bado tunamtafuta.

Wapo watu ambao, kwa maoni yangu, wanakaribia kuwa jibu. Kulikuwa na kundi la watu, wengi wao akina mama watu wazima, waliokuwa wakija kumwona Knut karibu kila siku, mvua na baridi, hata baada ya magazeti kumsahau. Kwa maana magazeti yalimsahau. Dubu mkubwa mchafu wa miaka mitatu si mali ya jalada. Hao ndio waliogundua kwamba ananyanyaswa, ndio waliolalamika, ndio waliodharauliwa kuwa ni wapweke wasio na kazi. Kwa michango ya mashabiki, Oktoba 2012 iliwekwa bustanini sanamu ya shaba ya Knut amelala juu ya mwamba, anaota. Kuomboleza kwetu kuna gharama: mtu anaacha shamba, analala chini, anapika sufuria za watu asiowajua, anachanga. Kilio kisicho na gharama tunakiita kwa jina lake. Hawa walilipa kwa muda wao, tena mapema, wakati dubu akiwa hai. Nikiwa mimi ndiye ninayepanga mikeka, hao ningewakaribisha ndani.

Na Dörflein, bila shaka, angekuwa wa kwanza, lakini alitangulia. Sijui kama tunaweza kusema Knut ndiye aliyefiwa naye. Nataka kusema ndiyo. Mlezi wake alikuwa ni dunia yake yote kwa muda fulani, halafu siku moja hakuja tena, na hakuna lugha ya kumweleza dubu. Kwa sarufi hakuna tatizo: dubu alifiwa. Ni sentensi iliyonyooka.

Kwenye uwanja ule siku ya Jumamosi walikuwepo pia dubu wengine watatu. Tosca mmojawapo. Wapiga picha hawakumgeuzia kamera.

Sababu ya kifo ilichukua miaka. Mwanzoni walisema ubongo ulikuwa umevimba na kwamba alizama maji, lakini kilichouvimbisha ubongo hakikuonekana. Walitafuta virusi na vijidudu vya kila aina wakakosa. Halafu daktari mmoja wa mishipa ya fahamu, anayetibu watu katika hospitali ya Charité, aliposoma ripoti ya Knut aliona inafanana na ya wagonjwa wake. Alikuwa na wagonjwa ambao kinga ya mwili wao imekosea njia ikaushambulia ubongo: wanapata degedege, wanachanganyikiwa, na zamani wengi walipelekwa hospitali za vichaa. Aliwatafuta watafiti wa wanyamapori, wakapima sampuli walizokuwa wamezihifadhi. Ilikuwa ndiyo. Matokeo yalichapishwa Agosti 2015, na Knut akawa mnyama wa kwanza asiye binadamu kujulikana kuwa na ugonjwa huo. Kwa watu ulikuwa umeelezwa mara ya kwanza mwaka 2007, mwaka uleule alioonyeshwa kwa kamera za dunia. Ukigunduliwa mapema, unatibika kwa dawa.